Ndege Inasema Saa Moja, Lokichar Tunahesabu Siku

Toa simu mfukoni sasa hivi. Fungua intaneti, andika: umbali wa ndege kutoka Lodwar hadi Nairobi. Jibu litakuja kabla hujapepesa macho. Kilomita 510 hivi, saa moja na dakika kadhaa. Rahisi kama kununua kredo. Kama uko Rongai umekwama kwenye jam, utajiambia, kumbe Turkana si mbali hivyo! Rongai hadi mjini jioni ya mvua ni zaidi ya saa moja, na hapo hujatoka hata jirani na nyumbani.

Jibu hilo ni la kweli. Sina ubishi nalo. Swali langu ni moja tu: hiyo saa moja ni ya nani?

Mimi ni mtoto wa Lokichar. Siku hizi naishi Eldoret, naandika blogu na kufanya vibarua vya mtandaoni vinavyolipa leo na kununa kesho. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo iliponishinda. Kwa hivyo usitarajie hesabu za profesa hapa. Lakini hesabu ya umbali kati ya Turkana na kwingineko nimeisoma kwa makalio, juu ya viti vya basi, na hiyo hakuna mtu atanifunza.

Kwanza tuelewane jinsi tovuti hizo zinavyofanya kazi. Chukua mpira wa miguu, weka nukta mbili, bana uzi kwenye nukta hizo kisha uvute mpaka ukaze. Huo uzi ndio umbali wa ndege: njia fupi kabisa juu ya mgongo wa dunia. Kompyuta inachukua uzi huo, inaugawanya kwa mwendo wa ndege, mara nyingi kilomita 800 au 900 kwa saa, inaongeza nusu saa hivi ya kupaa na kutua, halafu inakupa jibu. Haiulizi kama kuna ndege. Haiulizi kama una tiketi. Unaweza kuiuliza umbali kati ya viwanja viwili ambavyo havijawahi kuunganishwa na safari hata moja, na bado itakujibu bila aibu.

Hata kwa Lodwar yenyewe inakosea kidogo. Ndege zinazotua pale si zile kubwa za jeti unazoona zikipita juu ya Embakasi. Ni za propela, kama Dash 8, ambazo mwendo wake ni karibu kilomita 500 kwa saa. Na mara nyingine ndege hupitia Eldoret kushusha na kuchukua abiria. Lakini sawa, tusigombanie dakika. Tuseme ni saa moja na nusu. Saa hizo zinaanza kuhesabiwa magurudumu yakiachana na lami ya Wilson, na zinaisha yakigusa lami ya Lodwar. Kabla ya hapo na baada ya hapo, kompyuta haina habari nawe.

Sasa njoo tupande ndege hiyo ukiwa mkazi wa Lokichar.

Nairobi iko kusini. Uwanja wa umma wa Lodwar uko kaskazini, karibu kilomita 85 kutoka Lokichar. Kwa hivyo safari yako ya kwenda Nairobi inaanza kwa kuipa Nairobi mgongo. Unatafuta gari asubuhi na mapema, unangoja lijae, unafika Lodwar ukiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Ndege si matatu kwamba ikikuacha unarukia inayofuata. Ikikuacha, unatafuta pa kulala. Ukishuka Wilson unakutana na foleni ya Lang'ata. Ile saa moja na nusu imekuwa siku nzima.

Na hapo nimejifanya kwamba tiketi unayo. Nauli ya ndege ni mara kadhaa ya nauli ya basi. Mzee wa kwetu akisikia bei ya tiketi haihesabu kwa shilingi, anaigeuza kuwa mbuzi papo hapo. Akimaliza kuhesabu mbuzi, anauliza basi linaondoka saa ngapi.

Basi, sasa. Kutoka Lodwar hadi Nairobi kwa barabara ni kama kilomita 700. Unapita Lokichar, Kalemngorok, Kainuk, unapanda Marich Pass, unapita Ortum na Makutano, unafika Kitale, kisha Eldoret, Nakuru, ndipo Nairobi. Tuwe wakweli: barabara imeboreka. Kipande cha kutoka Lokichar kwenda Lodwar na kuendelea hadi Nadapal, mpakani na Sudan Kusini, kilijengwa upya katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Wanaokumbuka mashimo ya zamani wanajua tulikotoka. Zamani madereva walikuwa wanaiacha barabara na kupita kichakani kwa sababu kichaka kilikuwa na lami nzuri zaidi, japo hakikuwa na lami.

Lakini lami peke yake haikufikishi. Mvua ikinyesha milimani, laga zinafurika, na basi linakaa ukingoni mwa maji likingoja mchanga uonekane tena. Kisha kuna risasi. Kipande cha Kainuk kimekula watu wengi kiasi kwamba magari yamezoea kupita kwa msafara, polisi wakisindikiza. Februari 2023 serikali ilituma wanajeshi wa KDF kusaidia polisi katika Bonde la Ufa Kaskazini, baada ya maafisa wa polisi kuuawa kwenye barabara hii hii. Wanajeshi! Hebu fikiria kama abiria wa Thika Road wangehitaji jeshi ndipo wafike kazini.

Mimi binafsi sijawahi kutoka Lodwar nikafika Nairobi chini ya saa 13. Sasa weka hilo kando ya hili. Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York. Karibu kilomita 11,800, bahari nzima ya Atlantiki katikati. Muda wake ni takriban saa 15 kwenda, na kama saa 14 kurudi kwa sababu upepo wa juu unasukuma kuelekea mashariki. Umeona? Msee wa JKIA anaweza kula chakula cha jioni Nairobi na kuamkia Marekani, na kijana wa Lodwar aliyepanda basi wakati uo huo akawa anashuka River Road akinyoosha miguu. Wote wawili wamesafiri usiku mmoja. Mmoja amevuka dunia, mwingine hajavuka hata mpaka wa nchi yake.

Ingawa, ukiwauliza watu wa kwetu, mpaka wameuvuka. Ukionekana Lokichar na begi mgongoni, watakuuliza, "Unaenda Kenya?" Wageni hucheka wakisikia. Wanafikiri ni utani au ni ujinga. Si utani wala ujinga. Ni kipimo cha umbali ambacho hakihitaji kilomita.

Nitakwambia kipimo hicho kikoje. Miaka michache iliyopita shangazi yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto akawa amelala vibaya tumboni. Akaandikiwa barua ya rufaa kwenda Eldoret kufanyiwa upasuaji. Lokichar hadi Eldoret kwa barabara haifiki kilomita 300. Uzi wa kwenye mpira ungesema 220 hivi. Ndege ndogo ingetumia muda usiofika saa moja. Sisi tulisubiri gari lipatikane, likasubiri mafuta, kisha likasubiri magari mengine ili wapite pamoja kwa sababu ya usalama. Nilikuwa nimemshika mkono. Tukiwa tumesimama kandokando ya barabara, ndege ilipita juu ikielekea kusini. Yeye ndiye aliyeisikia kwanza. Hakusema kitu, alitazama juu tu. Tulifika Eldoret usiku. Shangazi yuko hai, na anauza samaki wa ziwa Lodwar hadi leo. Mtoto hakufika.

Simlaumu dereva, wala muuguzi aliyeandika ile barua akiwa peke yake zamu nzima. Nauliza tu kuhusu ile ndege.

Kwa sababu watu hupenda kutuambia kwamba shida ya Turkana ni umbali. Kaunti ni kubwa, wanasema, na kweli ni kubwa: weka Rwanda na Burundi pamoja na bado Turkana itazidi. Jangwa ni pana, watu ni wachache, huduma haziwezi kufika. Ukisikia hivyo utadhani ndege hazijui njia ya huku. Mimi nakwambia ndege zinaijua vizuri mno. Ngoja nikuonyeshe viwanja vitatu, vyote ndani ya kaunti hii moja.

Cha kwanza ni Lokichoggio, sisi tunaita Loki. Mwaka wa 1989 Umoja wa Mataifa ulianzisha Operation Lifeline Sudan kupeleka chakula kwa watu wa kusini mwa Sudan waliokuwa vitani. Loki ikawa kituo chake kikuu upande wa Kenya. Mji mdogo wa wafugaji ukawa unatetemeka kwa ngurumo za ndege za Hercules tangu alfajiri. Kutoka Loki hadi Juba ni kama kilomita 310 angani, na ndege zilikuwa zikiruka kila siku kudondosha magunia ya mahindi ng'ambo. Ilikuwa kazi njema, iliokoa maisha, sitaki mtu aniwekee maneno mdomoni. Lakini chakula hicho kiliruka juu ya vichwa vya watu wa Turkana ambao nao walikuwa na ukame wao. Mkataba wa amani wa Sudan ulipotiwa sahihi mwaka wa 2005, mashirika yakahamia Juba, na Loki ikanyamaza. Umbali kati ya Loki na Nairobi haukubadilika hata sentimita moja. Kilichobadilika ni kwamba hakukuwa tena na mtu muhimu wa kuifikia.

Cha pili ni Kapese, hapo kwetu Lokichar. Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba kampuni ya Tullow imepata mafuta katika kisima cha Ngamia-1. Muda si muda Kapese ikawa na kambi na uwanja mdogo wa ndege kwa ajili ya shughuli za mafuta. Mtaalamu angeweza kunywa chai yake ya asubuhi Nairobi na kuwa Lokichar kabla jua halijachoma. Mahali ambapo tuliambiwa ni mbali sana kwa daktari wa upasuaji, palikuwa karibu kabisa kwa mtaalamu wa visima.

Kichekesho ni kwamba mafuta yenyewe yalisafiri kama sisi. Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindua malori ya kwanza ya kubeba mafuta ghafi kutoka Turkana hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Mafuta ya Lokichar yana nta, yakipoa yanaganda, kwa hivyo yalibebwa kwenye matangi maalum ya kuyaweka moto. Wakati huo huo wananchi wakafunga barabara na kuzuia malori kwa wiki kadhaa. Walikuwa wanadai nini? Usalama. Walisema, hamwezi kusindikiza mapipa huku ng'ombe na watoto wetu wanachukuliwa. Agosti 2019 shehena ya kwanza iliondoka Mombasa kwa meli. Kisha biashara ikalala, na mwaka wa 2025 Tullow ikauza mali yake ya Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy. Sasa mafuta yanazungumziwa upya, na watu wa suti wameanza tena kulitaja jina la Lokichar. Hilo nitalirudia.

Cha tatu ni Kakuma, na hapa nataka utulie kidogo.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka wa 1992, vijana na watoto waliokimbia vita vya Sudan walipowasili kwa miguu baada ya kuzunguka hadi Ethiopia na kufukuzwa na vita vya huko pia. Leo, ukiunganisha na makazi ya Kalobeyei, ni karibu watu 300,000. Waandishi wa ng'ambo wanapenda kuandika kwamba "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya "hakuna mahali". Wewe unasoma Kiswahili. Umewahi kulisikia neno hilo kwa nyanya yako? Halipo. Mtu aliyekuja kwa ndege aliangalia nje akaona vumbi, akaamua pale si mahali, kisha akatusingizia sisi neno.

Sasa rudi kwenye simu yako. Andika: Nairobi hadi Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, ambako Wasomali wengi waliopitia kambi za Kenya wamejenga maisha. Uzi utasema kama kilomita 13,100. Gawa kwa mwendo wa jeti, ni karibu saa 15. Hakuna ndege ya moja kwa moja, kwa hivyo ukihesabu kubadilisha ndege njiani ni siku moja na zaidi. Ongeza kilomita 600 kutoka Kakuma hadi Nairobi, ambazo wakimbizi wanaohamishwa husafirishwa kwa ndege ya kukodi. Bado ni siku mbili tatu.

Muulize sasa aliyesafiri. Safari yake haikuanza uwanjani. Ilianza siku aliyoandikishwa. Ikafuata mahojiano, kisha mahojiano mengine, uchunguzi wa usalama, vipimo vya kifua, mafunzo ya jinsi ya kuishi huko, kisha kungoja jina litokee kwenye orodha. Kuna waliongoja miaka 10. Kuna waliozaliwa kambini, wakasoma kambini, wakaoa kambini, wakaendelea kungoja. Na ukidhani tiketi ni ya bure, pole: wakimbizi wanaokwenda Marekani husaini mkopo wa nauli, hauna riba, na wanaulipa polepole wakishaanza kazi huko. Wamelipia kiti hicho mara mbili, kwa miaka na kwa dola.

Wengine wamefika, na tunawajua. Halima Aden alizaliwa Kakuma, akakulia Minnesota, akawa mwanamitindo anayejulikana dunia nzima akiwa na hijabu yake. Awer Mabil alizaliwa Kakuma, akahamia Australia akiwa na miaka 10, na Juni 2022 akafunga penalti dhidi ya Peru katika mechi iliyoipeleka Australia Kombe la Dunia. Nairobi hadi Adelaide alikokulia ni kama kilomita 11,000. Yule mtoto aliyejifunza mpira kwenye vumbi letu alikwenda mbali kuliko uzi wowote.

Lakini Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusitisha mpango wa kupokea wakimbizi Marekani. Safari zilizokuwa tayari zimepangwa zikafutwa. Kuna watu waliokuwa wameuza godoro, sufuria na kibanda, kwa sababu nani anahitaji godoro la Kakuma akiwa Minnesota? Wakaamka asubuhi, umbali ule ule wa kilomita 13,100, mwendo ule ule wa ndege, na muda wa safari ukawa haujulikani. Uniambie ni tovuti gani itakokotoa hiyo.

Na kando ya uwanja huo wa Kakuma wamesimama vijana wa Kiturkana, wenyeji, wakizitazama ndege hizo zikipaa. Wao hawamo kwenye orodha yoyote ya kungoja. Hakuna anayewahamisha, hakuna anayewafuata. Wana kitambulisho cha Kenya na bado wakitaka kwenda "Kenya" wanangoja basi.

Kwa hivyo viwanja vitatu: cha msaada, cha mafuta, cha wakimbizi. Kila kimoja kinathibitisha jambo moja. Turkana haijawahi kuwa mbali kwa mtu aliyekuwa na sababu ya kuja na pesa za kulipia. Umbali wetu hupungua kukiwa na kitu cha kuchukua au cha kupeleka kwingine, kisha unarefuka tena kikiisha. Huo ni uamuzi wa watu, wala si jiografia. Jiografia haiwezi kubadilika kila bajeti ikisomwa.

Najua utaniambia nini. "Ndege ni anasa, tengenezeni barabara kwanza." Nakubali nusu. Barabara salama ndiyo dawa ya watu wengi, na sitaki siku moja tujengewe uwanja wa kung'aa ili wakubwa watue, wafungue semina na kuruka kabla ya saa kumi. Lakini mama ambaye mtoto amelala vibaya tumboni hawezi kungoja Kainuk itulie. Damu haingoji msafara. Kwake yeye ndege si anasa, ni kitanda cha hospitali chenye mabawa. Na uwanja tayari upo. Lami ipo, upepo upo, rubani anaijua njia. Kinachokosekana ni karatasi inayosema mgonjwa wa Lokichar naye anaruhusiwa kupanda.

Hapo ndipo nilisema nitarudi kwenye mafuta. Sheria ya Petroli ya 2019 iligawa mapato ya serikali hivi: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya mahali mafuta yanapotoka. Kila mkutano wa mafuta huku kwetu unaishia kwenye hiyo 5. Itasimamiwa na nani, itaingia akaunti gani, nani atakuwa mwenyekiti. Ni maswali mazuri, lakini hiyo asilimia itakuja mafuta yakiuzwa, Mungu akipenda. Wagonjwa wako hapa leo. Mimi nataka mambo matatu yaandikwe kabla ya pipa lingine kuondoka.

Moja, uwanja wowote unaotumiwa kwa shughuli za mafuta Turkana uwe wazi kwa ndege ya dharura ya mgonjwa, saa yoyote, bila kuomba ruhusa kwa barua.

Mbili, ndege ya kampuni inayorudi Nairobi au Eldoret ikiwa na viti vitupu, itoe kiti kwa mgonjwa mwenye barua ya rufaa. Kiti kitupu hakimwongezei mtu mafuta ya maana. Kinamwongezea mama saa nane.

Tatu, serikali ya kaunti na serikali kuu ziache kutuambia umbali kwa kilomita. Zitangaze muda halisi: kutoka kituo cha afya cha Lokichar, Kainuk au Lokori hadi kwenye meza ya upasuaji, inachukua saa ngapi, kila mwezi, ibandikwe ubaoni. Nambari hiyo ikishuka, tutajua kuna kazi inafanyika. Isiposhuka, tutajua pia.

Wewe uliye Nairobi, Mombasa au Kisumu, usione hili ni la watu wa kule juu. Wewe pia una umbali wako ambao ramani haiujui. Kuna mtaa ambao gari la wagonjwa haliingii usiku, na hospitali iko kilomita mbili tu. Kuna rafiki yako aliye na tiketi ya Ghuba na viza imekwama, Dubai ni saa tano kutoka Nairobi na yeye ana miezi minane anangoja. Ukishaanza kuhesabu muda kutoka mlangoni mwa mtu hadi anapotaka kufika, utaona nchi nyingine kabisa.

Na wewe uliye Lokichar, Lodwar au Kakuma, sikiza. Watakuja na viti vya plastiki, hema na soda. Wataita mkutano wa kuchukua maoni ya umma. Usiende kupiga makofi, na usiende kuomba kazi ya kushika bendera barabarani. Kaa mbele, inua mkono, uliza swali moja: mgonjwa mwenye barua ya rufaa akifika pale Kapese saa nane usiku, lango litafunguliwa au halitafunguliwa? Wakijibu, toa simu urekodi. Andika jina la aliyejibu, cheo chake na tarehe. Kisha tuwekee wote mtandaoni, tusikie.